Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya, Kaunti ya Lamu: "Ametulia" si kipimo

Mheshimiwa,

Mgonjwa wa skizofrenia (ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwapo) akifika kliniki huulizwa kama bado anasikia sauti na kama analala. Akisema sauti zimekoma, anadungwa sindano yake ya mwezi na faili inaandikwa "ametulia". Huenda huyo aliyetulia hajaoga wiki nzima, wala hajakaa barazani na wenzake tangu Maulidi. Dawa huzima sauti kwa urahisi kuliko zinavyorudisha hamu ya kuishi na watu.

Tunaomba faili iongezwe ukurasa mmoja wa kipimo cha PSP (Personal and Social Performance, yaani jinsi mtu anavyojimudu mwenyewe na kati ya watu), kilichotolewa mwaka 2000. Kinapima mambo manne: kazi, masomo au shughuli za nyumbani; uhusiano na jamaa na marafiki; usafi wa mwili na mavazi; na fujo. Kila jambo hupewa daraja kwa kuangalia mwezi uliopita: hakuna shida, ndogo, dhahiri, kubwa, nzito, nzito mno. Madaraja hayo ndiyo yanayotoa alama kati ya 1 na 100. Mwenye shida kubwa katika jambo moja tu kati ya matatu ya mwanzo, bila fujo, huangukia 51 hadi 60. Aliye chini ya 31 anahitaji uangalizi wa karibu. Sauti hazihesabiwi hapa: anayezisikia na bado anafungua duka lake kila asubuhi, alama zake ziwe za juu.

Fomu yenyewe ni nyepesi, kazi iko kwenye kuuliza. Aulizwe mgonjwa, kisha aulizwe kando anayeishi naye. "Anajisafisha?" hujibiwa "ndiyo" na kila mtu, kwa kusitiri aibu ya nyumba. Afadhali: "Mara ya mwisho alioga lini, na aliambiwa mara ngapi ndipo akaingia bafuni?"

Tena majira yaangaliwe. Mvuvi wa Kizingitini asiyetoka wakati wa kusi kali hana upungufu, bahari ndiyo imekataa. Aulizwe kama anashona nyavu. Aliye edani asiandikwe amejitenga. Na kuna yule ambaye nyumbani hawamtumi tena dukani kwa hofu tu. Huyo apewe shilingi 200, anunue sabuni na kiberiti, arudi na chenji. Matokeo yaandikwe pembeni, yasichanganywe na alama, maana PSP hupima anachofanya mtu, si anachoweza.

Kabla ya kuanza, wauguzi wawili wampime mgonjwa mmoja kila mtu peke yake. Wakipishana kwa zaidi ya alama 10, warudie maswali pamoja. Kisha kipimo kirudiwe kila miezi mitatu, na kila dawa inapobadilishwa. Kwa wagonjwa wa Faza na Kiunga, wahudumu wa afya ya jamii wafundishwe kuuliza huko huko, ili nauli ya boti isiwe sababu ya ukurasa kubaki mtupu.

Wako,
Wahudumu wa afya ya akili, Lamu