Wanunuzi wa kamera za zumu kubwa wasitazame namba peke yake

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuzungumze na wasomaji wanaobeba kamera kwenda hifadhini, hasa wanaonunua zile ambazo lenzi yake haibadilishwi lakini inavuta mbali sana: Nikon P900, P950 na P1000, Canon SX70, Sony RX10 IV na ndugu zake. Sisi ni waongoza watalii na wapiga picha katika hifadhi za kaskazini. Malalamiko tunayoyasikia garini ni yale yale: dukani mtu aliambiwa kamera inavuta mara 83, mbona simba ametoka na ukungu? Mara nyingi kamera ni nzima. Kilichokosekana ni maelezo ya kile kinachopotea kadiri zumu inavyosogea mbele.

Sensa ya P900, yaani kile kibamba ndani ya kamera kinachopokea mwanga na kuunda picha, ina upana wa milimita 6 na ushee, na kimo cha milimita 4.6. Udogo huo ndio unaoiwezesha lenzi ya kushikwa mkononi kufikia kile kinachotangazwa kuwa milimita 2000. Milimita hizo hupima uvutaji wa lenzi, si urefu wa mrija, na kipimo chake halisi ni milimita 357. Gharama hulipwa kwa mwanga. Zumu ikifika mwisho, tundu la lenzi linalopitisha mwanga halifunguki kuzidi f/6.5, na kwa P1000 ni f/8 (namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo). Sensa ndogo ikipata mwanga mdogo hutoa chengachenga, kwa hiyo ISO, yaani kiwango cha kamera kuhisi mwanga, isipite 400. Ya 800 iwekwe akiba kwa picha ambayo haitajirudia.

RX10 IV inaishia milimita 600 na wengi huidharau kwa hilo. Lakini eneo la sensa yake ni karibu mara nne ya ile ya P900, na tundu hubaki f/4 hata zumu ikiwa mwisho. Fanya hesabu: kwa milimita 600, mnyama akiwa umbali wa mita 30, fremu inabeba upana wa mita 1.8. Simba aliyelala anaijaza. Kwa milimita 2000 na umbali ule ule unabaki na sentimita 54, yaani uso tu. Zumu ya 2000 ni ya ndege; mdiria aliye mita 20 hukaa vizuri ndani ya sentimita 36. Anayetaka simba, tembo na twiga anunue sensa kubwa, na bei ikimshinda basi atumie zumu yake kwa kiasi.

Kuna jambo ambalo hakuna kamera inayolitibu, nalo ni hewa. Jua likishapanda, ardhi ya mbuga hupata moto, hewa ya moto hupanda ikichanganyika na ya baridi, na mwanga unaopita humo hupindapinda. Ni mazigazi yale yale mnayoyaona juu ya lami. Kwenye tambarare za Serengeti, kuanzia kama saa nne asubuhi swala aliye mita 200 huwa anatetemeka ndani ya kioo, na kuvuta zaidi kunakuza mtetemo huo huo. Dawa ni kupiga kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa tatu asubuhi, au kumngoja mnyama asogee. Hata boneti ya gari lako ni jiko: usipige picha ukiipitisha lenzi juu yake baada ya mwendo mrefu.

Picha ikiharibika, ikuze kwenye skrini uitazame kabla ya kulaumu kitu. Kingo za pembe za mnyama zikiwa zimepinda tofauti katika kila picha, ni hewa. Kila kitu kikiwa kimeburuzwa upande mmoja, ni mkono au gari. Mnyama akiwa na ukungu na nyasi za mbele yake zikaonekana unyasi kwa unyasi, fokasi ilishika nyasi. Miguu pekee ikiwa na ukungu, kasi ya shata, yaani kasi ya kamera kufungua na kufunga mwanga, ilikuwa ndogo.

Kosa hilo la mwisho ndilo tunaloliona zaidi, kwa sababu watu huacha kamera kwenye oto. Zungusha kitufe cha juu mpaka S (kwa Canon ni Tv), uchague kasi mwenyewe: 1/250 ya sekunde kwa mnyama aliyetulia, 1/500 kwa anayetembea, 1/1600 kwenda juu kwa ndege arukaye. Kituliza mtikisiko kilichomo kwenye lenzi huzuia mtetemo wa mkono wako. Hakiwezi kuzuia mguu wa pundamilia. Zima pia zumu ya kidijitali kwenye menyu, kwani inakata katikati ya picha na kuitanua, na kazi hiyo unaweza kuifanya nyumbani kwenye kompyuta.

Stendi ya miguu mitatu haina nafasi ndani ya Land Cruiser. Shona mfuko wa dengrizi, utie maharage kilo moja na nusu, usiujaze zaidi ya theluthi mbili ili ukubali kubonyea. Uweke ukingoni mwa paa au dirishani, ulaze kamera juu yake uzito ukiwa chini ya bodi, si kwenye mrija wa lenzi unaotoka na kuingia kwa mota. Kituliza mtikisiko kibaki kimewashwa. Injini izimwe, na abiria wenzako watulie kwa nusu dakika hiyo; mtu mmoja akihamia kiti kingine, fremu yote inakimbia.

Mnyama hatafutwi zumu ikiwa mwisho. Anza na upana wote, mweke katikati, ndipo uvute taratibu. Akipotea, kamera hizi za Nikon zina kitufe ubavuni mwa lenzi: ukikibonyeza zumu inarudi nyuma, ukikiachia inarejea ilipokuwa. Tumia alama ndogo ya fokasi na uilenge jichoni. P900 ikiwa imevutwa mpaka mwisho haishiki fokasi chini ya mita 5, kwa hiyo ndege aliye mezani kambini atakushinda mpaka upunguze zumu. Vilevile hupiga picha 7 kwa sekunde moja, kisha husimama kuandika kwenye kadi. Ukibonyeza furukombe akiwa bado angani juu, atakapogusa maji kamera yako imeganda.

Vumbi nalo. Mrija wa lenzi ukitoka hunyonya hewa, na vumbi likifika kwenye sensa huwezi kulisafisha mwenyewe, kwa kuwa lenzi haitoki. Fundi lazima aifungue kamera nzima. Kila unapotaka kuzima, piga mswaki laini kuzunguka mrija kabla haujaingia. Gari likitembea, kamera iwe mfukoni imezimwa. Upepo wa kompresa ya gereji usiikaribie kabisa, unasukuma vumbi ndani. Kioo cha kukinga lenzi kikiwa cha bei ya chee kitaua ukali wote wa picha kwenye milimita 2000, heri kukitoa.

Mhariri, tuna maombi mawili kwako. Unapochapisha picha za wanyama za wasomaji, andika chini yake kasi ya shata, ISO, urefu wa zumu na makadirio ya umbali, wengine wajifunze. Na picha ya duma aliyezungukwa na magari uikatae hata ikiwa nzuri. Duma huwinda mchana kwa macho, na magari yakimzingira anapoteza windo. Zumu hizi zimetengenezwa ili mtu abaki barabarani.

Kwa faru tunaomba uangalifu zaidi. P900 ina GPS ndani yake, na ikiwashwa huandika mahali picha ilipopigwa ndani ya faili lenyewe. Picha ikitumwa kwa WhatsApp kama dokumenti, taarifa hizo husafiri nayo. Msomaji azime GPS kabla ya kuingia getini, na dawati lako lifute taarifa hizo kwenye kila picha ya faru kabla ya kuiweka mtandaoni.

Waongoza watalii wapiga picha,
Karatu