Barua ya wazi kwa Gavana: Tupeni karatasi ya mfawidhi kabla ya Siku ya Jamhuri

Mheshimiwa Gavana,

Salaam kwako. Tulikuandikia baada ya Siku ya Madaraka, na afisi yako ikaahidi kwamba wafawidhi, yaani waendeshaji wa hafla za kaunti, wangefunzwa. Sasa tunaomba karatasi: maneno yote ya mfawidhi, yaliyoandikwa kabla ya hafla. Imekuja Siku ya Mashujaa, na mbele ya uwanja mzima mfawidhi akatangaza: "Vilema vile visogezwe nyuma, vinaziba kamera." Hakuna aliyemsahihisha, si jukwaani, si baadaye.

Sikiliza upatanisho wa sarufi katika maneno yake, Mheshimiwa. Kijana, kinyozi na kiongozi yote ni maneno ya ki-, lakini hakuna asemaye "kiongozi kimefika". Kwa "vile visogezwe", watu walitiwa fungu moja na viti vya plastiki. Tunadhani hakupanga kutukana. Tangazo halikuandikwa, ulimi ukaokota neno la karibu. Lakini Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 hakisamehe mazoea: mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuheshimiwa na kuitwa kwa namna isiyomdunisha.

Basi katika karatasi iandikwe "watu wenye ulemavu", "asiyeona", "mwenye ualbino". Yaachwe "zeruzeru", "bubu" na "taahira". Liachwe na "anayeugua ulemavu", maana ulemavu si homa. Wengine nao si "watu wa kawaida", ni watu wasio na ulemavu. Kiziwi ni neno la peke yake: wenyewe wamelishika, hata Tanzania chama chao ni Chama cha Viziwi. Kinachowaumiza ni kuitwa bubu ilhali wana Lugha ya Ishara ya Kenya, iliyotajwa katika Kifungu cha 7.

Siku hiyohiyo wazee wa jamii ya Ogiek, wenyeji wa msitu wa Mau, waliitwa hivi: "Wandorobo, karibuni mtutumbuize." Jina hilo lilitokana na neno la Kimaasai, il-torobo, watu wasio na ng'ombe, yaani mafukara. Jamii ya asali na msitu inaitwa kwa kile isichofuga! Tarehe 26 Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kule Arusha, iliwatambua kuwa jamii asilia; hukumu ya fidia ya 23 Juni 2022 ikaagiza watambuliwe kikamilifu, pamoja na lugha na mila zao. Hata hivyo hafla ya Mashujaa ikafanyika kando ya Mau, wakaitwa kucheza, wasisalimiwe. "Itifaki imezingatiwa" haiwafuniki. Kabla ya kutaja wageni isomwe sentensi moja: "Tunawatambua Ogiek, wenyeji wa msitu huu wa Mau, na wazee wao walio nasi hapa." Atakayeisoma awaulize wazee matamshi.

Na kamera? Viti vya magurudumu vilibaki chini ya jukwaa kwa sababu hapakuwa na njia ya kupandia. Jukwaa la sentimita 60 linahitaji mteremko wa mita 7.2, kwa kipimo cha 1 ya kimo kwa 12 za urefu. Ukifupishwa, kiti hurudi nyuma na anayekisukuma. Wakalimani wa Lugha ya Ishara wawe wawili, wapokezane kila dakika 20, kwani akili ikichoka makosa huanza. Wasimame ubavuni mwa msemaji, penye mwanga, na viziwi wakae safu ya mbele inayowatazama. Hapo hapana wa kusogezwa.

Mwanzoni tuliomba mafunzo. Sasa tunaona kwamba mfawidhi hukodiwa hafla kwa hafla. Aliyefunzwa leo siye atakayeshika maikrofoni kesho. Karatasi ndiyo inayobaki. Iandikwe neno kwa neno, matangazo ya nafasi za kukaa yakiwemo, na siku 7 kabla ya Siku ya Jamhuri ifike kwa vikundi vya watu wenye ulemavu na kwa wazee wa Ogiek. Itarudi kwako ndani ya saa 48, imesahihishwa, bila malipo.

Radhi pia tunaidai, kwa maikrofoni ileile. Lakini kwanza karatasi, Mheshimiwa. Tupeni karatasi.

Wako kwa heshima,
Wakalimani wa Lugha ya Ishara na wanachama wa vikundi vya watu wenye ulemavu katika kaunti yako