Risala ya wahitimu wa stashahada ya utabibu kwa Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mtwara

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wazazi na walezi,

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Tumeona tuzungumzie jambo moja tu, nalo ni utambuzi wa ugonjwa wa Alzheimer, yaani ugonjwa wa ubongo unaopoteza kumbukumbu, kwa wazee wetu, ambao wengi hufikishwa kituoni wakiwa wamechelewa kwa kuwa nyumbani ilisemwa ni uzee, au kwamba wamerogwa.

Mheshimiwa, Daktari Alois Alzheimer aliueleza ugonjwa huu mwaka 1906, na kwa miongo mingi uthibitisho wake ulipatikana kwa kuchunguza ubongo wa marehemu. Baadaye vikaja viashiria vya maji ya uti wa mgongo, ambamo amiloidi beta 42 hushuka na tau hupanda, hizo zikiwa protini zinazojikusanya ubongoni mwa wagonjwa hawa, pamoja na picha za ubongo za PET. Mwezi Mei 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu kipimo cha kwanza cha damu, kinachotumia uwiano wa p-tau217, ambayo ni aina mojawapo ya tau, na amiloidi, kwa wenye miaka 55 na kuendelea ambao tayari wana dalili. Sharti hilo la dalili tunalitilia mkazo, kwani mtu anaweza kuwa na amiloidi ubongoni akaishi hadi mwisho wake bila kupoteza kumbukumbu. Aidha, figo zikidhoofu p-tau217 hupanda katika damu, na yapo majibu ya katikati ambayo hayathibitishi wala hayakanushi.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, leo hatuombi mashine. Tunaomba watoa huduma wa zahanati, kuanzia Newala hadi Nanyumbu, wafundishwe kipimo kifupi cha kumbukumbu na akili kiitwacho IDEA kilichoandaliwa wilayani Hai, ambacho humtaka mzee apange njiti za kiberiti badala ya kuchora kwa kalamu, hivyo hakimwonei asiyesoma. Tunaomba pia vipimo vya vitamini B12, tezi ya thairoidi, kaswende, VVU na kreatinini, inayoonyesha hali ya figo, vipatikane bila kukatika, kwa kuwa matatizo kadhaa yanayofanana na Alzheimer hutibika. Sonona nayo iulizwe, maana husahaulika mno.

Kipimo cha damu kitakapofika Kanda ya Kusini, tunaomba kitanguliwe na mwongozo unaoeleza nani apimwe, sampuli zihifadhiweje katika joto letu hili, na nani atakaa na familia kuieleza majibu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.