Majaribio ya usiku yanaanza leo

Habari zenu wanakikundi. Kuanzia leo, kila usiku saa nane (kwa UTC, yaani saa za kimataifa, msije mkashangaa), seva itachukua msimbo wa programu yetu kutoka tawi kuu (toleo kuu tunaloingizia mabadiliko yetu), iujenge upya, kisha Selenium, programu ya kuendesha kivinjari yenyewe bila mtu, ifungue kivinjari na kujaribu kuingia, kutafuta na kulipa. Ripoti mtaikuta hapa asubuhi. Ikiwa nyekundu, yaani kuna jaribio limefeli, aliyeingiza mabadiliko ya mwisho aanze kuangalia. Si kwamba ndiye mkosaji, ila kumbukumbu yake bado mbichi.

Jaribio linalofaulu leo na kufeli kesho bila msimbo kuguswa, tafadhali msilirudierudie mpaka likubali. Mara nyingi linabofya kitufe ambacho hakijaonekana. Liambieni lingoje kitufe chenyewe, si sekunde tano za kubahatisha.