Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Halmashauri Wanachama

Ndugu wajumbe,

Hesabu zimekaguliwa na mhazini ameshawagawia, sitazirudia. Nitasemea jambo lililotuchosha kuliko yote: nafasi yetu katika maamuzi ya misitu, maji na ardhi.

Mwaka ulianza vibaya. Katika kikao cha kwanza cha mpango wa msitu tulikuta ramani imeshabandikwa ukutani, mipaka imechorwa kwa wino mwekundu, nasi tukaombwa "maoni". Karatasi ya mahudhurio ilizungushwa kabla hata ya ajenda kusomwa. Tukakataa kusaini. Vikao vitatu baadaye ramani ile ilibanduliwa, tukaanza na karatasi tupu.

Lakini tusiwatupie wengine lawama zote. Kwenye kamati ya bonde la mto, mjumbe wetu alikubali kiwango cha maji ya kuchotwa, akarudi kwake asiliambie baraza lake neno. Wajumbe wengine wa kamati walipotangaza makubaliano, baraza likayakana. Fedheha ikawa yetu sote, na sikuwa na la kujibu. Kuanzia sasa kila mjumbe atawasilisha taarifa barazani kabla ya kikao kinachofuata. Asiyefanya hivyo atakuwa anajisemea mwenyewe.

Wapo wanaotaka tusikae na serikali kuu hadi suala la umiliki wa ardhi liishe. Naheshimu hoja yao, ila siikubali. Katika mkataba wa mwaka 1993 kuhusu Gwaii Haanas, visiwa vya pwani ya magharibi ya Kanada, taifa la Wahaida, wenyeji wa asili wa visiwa hivyo, na serikali ya Kanada hawakuafikiana visiwa ni vya nani. Kila upande uliandika msimamo wake, safu mbili ubavu kwa ubavu kwenye mkataba uleule, kisha wakaunda bodi yenye wajumbe sawa kwa sawa inayoamua kwa maafikiano. Karibu na kwetu, Babati nchini Tanzania, serikali ilikusudia kuufanya msitu wa Duru-Haitemba hifadhi yake. Vijiji vikapinga, na katika miaka hiyohiyo ya 1990 vikakabidhiwa viutunze vyenyewe, kwa sheria ndogo na walinzi wao.

Kamati ya maji inaundwa upya mwakani. Kila halmashauri ilete majina mawili, la mjumbe na la msaidizi wake, pamoja na muhtasari wa kikao cha baraza kilichowateua. Jina lisilo na muhtasari katibu atalirudisha.

Mwenyekiti