Miti ya mjini nayo ina fundi wake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme neno kuhusu miti ya miji yetu, hasa namna tunavyoikata.

Mimi ni mzaliwa wa Ngamiani, Tanga. Kwa miaka minane sasa naishi Columbus, jimbo la Ohio, Marekani, na riziki yangu yote inatoka kwenye miti ya mjini. Napanda juu kwa kamba, naondoa matawi yaliyokufa, nakagua mti ulioegemea nyumba ya watu kama utasimama au utaanguka, napanda miche kando ya barabara. Mwaka jana nilifanya mtihani wa Jumuiya ya Kimataifa ya Utunzaji wa Miti, chama kilichoanzia hukuhuku Marekani mwaka 1924, nikafaulu na kupewa cheti.

Sikuandika ili nipongezwe. Nimeandika kwa sababu ya mwembe wa marehemu bibi yangu.

Mwembe ule ulikuwa uani kwetu, mkubwa, kivuli chake kikifika hadi jiko la jirani. Siku moja watu wazima waliamua kuwa umezidi urefu, wakaita vijana wawili wenye mapanga. Vijana wakaunyoa kipara: wakakata kila tawi katikati, likabaki shina na vigutu vyake. Walilipwa, wakaenda zao. Mvua zilipokuja mwembe ukachipua kwa fujo, fimbo ndefu zilizonyooka kama mianzi, na sote tukafurahi kuwa umepona. Masika ya tatu baada ya hapo, usiku wa upepo, tawi moja katika yale mapya likabanduka na kuangukia paa la jikoni kwa jirani. Hakuumia mtu. Lakini mtaani yakaanza maneno kuwa mti ule una mkosi, na baada ya wiki mbili ukang'olewa. Bibi alihamishia mkeka wake barazani, na jua la saa tisa likawa linamfuata hukohuko.

Miaka mingi baadaye, usiku, nikiwa kwenye meza ya jikoni Columbus na kamusi pembeni, nikafika sura ya ukataji wa matawi katika kitabu cha kujiandaa na mtihani. Palikuwa na mchoro wa mti uliokatwa vichwa. Nikauona mwembe wa bibi. Tawi linaloota kwa utaratibu wake huanza dogo, na shina nalo huongeza mbao mwaka baada ya mwaka kulizunguka, hata mzizi wa tawi unakuwa umezama ndani ya shina. Ila chipukizi linalotoka kwenye kigutu huzaliwa chini kidogo ya gamba. Limeshikwa na ngozi tu, wala halina mzizi ndani ya mbao. Linakua haraka kwa kuwa mti una njaa ya majani, linakuwa zito, na huku chini yake kigutu kinaoza. Mwembe haukuwa na mkosi. Sisi ndio tuliotengeneza ule mwanguko, tukalipa na fedha juu yake.

Nilikaa muda mrefu bila kugeuza ukurasa.

Mtaalamu mmoja wa Marekani, Alex Shigo, alipasua maelfu ya miti kwa msumeno ili aone inavyofanya ikijeruhiwa. Alionyesha kuwa mti hauponi kama ngozi ya mtu. Sehemu iliyoumia haifanywi upya. Mti huijengea kuta ndani yake, uozo usisambae, kisha huota mbao mpya juu yake. Kwa hiyo mahali pa kukatia ndipo penye maisha ya mti. Pale tawi linapotoka shinani pana uvimbe mdogo, kama ukosi wa shati. Ukikata nje kidogo ya ukosi huo, mti unajifunga wenyewe. Ukiukata ukosi wenyewe, umeuvunjia mti mlango, na ukiacha kigutu kirefu hauwezi kukifunika.

Tawi zito halikatwi kwa pigo moja, kwani litaanguka na kuchuna gamba la shina hadi chini. Hukatwa mara tatu. Kwanza unakata kutoka chini, kiasi cha shibiri moja mbali na shina, usifike katikati. Pili unakata kutoka juu, mbele kidogo ya hapo, nalo tawi linaanguka bila kuchuna kitu. Mwisho unaondoa kigutu kilichobaki, nje ya ukosi. Ni kazi ya dakika chache kwa anayejua.

Mtihani wenyewe, nilipoufanya mimi, ulikuwa na maswali 200 kwa saa tatu na nusu. Huruhusiwi kuufanya mpaka uwe na miaka mitatu ya kazi hii, au masomo yanayopunguza miaka hiyo. Wanakuuliza mti unavyokunywa maji, udongo, kuchagua na kupanda, magonjwa, kulinda mti pale wajenzi wanapochimba karibu yake, kutambua mti wa hatari, na mtu mwenye msumeno afanyeje arudi nyumbani mzima. Cheti nacho kina mwisho: kila baada ya miaka mitatu unakihuisha, na ndani ya muda huo lazima uwe umekusanya alama 30 za kuendelea kusoma.

Nilipokuja likizo mara ya mwisho nilitembea Tanga na Dar es Salaam nikiangalia juu na chini. Mwarobaini umezungushiwa zege na vitofali hadi shingoni, maji hayana pa kuingilia. Mashina yamepigiliwa misumari ya matangazo. Takataka zinachomwa penye mizizi. Mfereji wa bomba umechimbwa hatua mbili kutoka kwenye mkungu, na mwenye kuchimba anaamini mizizi yote imekwenda chini kabisa, kumbe mizizi mingi ya mti iko katika sentimita 60 za juu za udongo na imetambaa kupita mwisho wa matawi. Niliona kijana aliyevaa kandambili, juu ya mjohoro, panga mkononi, nyaya za umeme zikiwa karibu na bega lake. Huku ninakofanya kazi, asiyefundishwa kazi za nyaya haruhusiwi kuzikaribia kwa chini ya futi 10. Yule kijana hakuwa mzembe. Hajawahi kuambiwa.

Hata kupanda kwenyewe tunakupenda kwa moyo, lakini nusunusu. Mche uliokaa mno kwenye kiriba mizizi yake huzunguka kama kamba iliyokunjwa. Usipoikata au kuinyoosha siku ya kupanda, huendelea kuzunguka, na mti ukishakuwa mkubwa hujinyonga wenyewe. Nimeona pia barabara nzima zimepandwa mti wa aina moja ili zipendeze. Ohio walifanya hivyo. Ugonjwa wa miti ya elmu ulifika jimboni mwaka 1930 na kuiua, nao wakajaza nafasi nyingi kwa miti ya eshi. Mwaka 2002 mdudu mdogo wa kijani kutoka Asia akagunduliwa karibu na Detroit, na mwaka uliofuata akawa ameshaingia Ohio. Funza wake hula chini ya gamba na kukata njia ya maji. Nimeangusha eshi nyingi kwa mikono yangu, mtaa mzima kwa wiki moja, wazee wakitazama kutoka madirishani. Wataalamu wengi hapa wanafuata kipimo kilichopendekezwa na Frank Santamour mwaka 1990: katika mji, miti ya aina moja isizidi asilimia 10, ya jenasi moja, yaani kundi la aina zinazokaribiana, isizidi 20, na ya familia moja, yaani kundi la jenasi zinazokaribiana, isizidi 30. Kampeni kama ile ya kuifanya Dodoma ya kijani, iliyoanza mwaka 2017, ingefaa kuwa na kipimo chake.

Ombi langu ni hili. Wasomi wa misitu tunao. Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro na Chuo cha Misitu Olmotonyi wamewatoa kwa miongo mingi. Anayekosekana ni fundi wa miti ya mtaani, mwenye mafunzo na cheti kinachotambulika. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, tayari ina utaratibu wa kuwapima mafundi waliojifunzia mtaani na kuwapa vyeti, waashi na makanika. Wakataji wa miti waingizwe humo. Vyuo vya misitu viandike mtaala wa wiki chache, kwa Kiswahili, wenye miti yetu: mwembe, mjohoro, mwarobaini, mkwaju, mkungu. Kisha halmashauri ikitoa zabuni ya kukata matawi, iombe cheti hicho kama inavyoomba leseni ya fundi umeme.

Mimi nitakuwa Tanga Desemba hii kwa majuma matatu, Mungu akijalia. Nitakuja na kamba mbili, mikanda ya kupandia, kofia ngumu na misumeno ya mkono. Wale vijana wanaozunguka mitaani na ngazi na panga wakitafuta kazi nawaalika, asubuhi kabla jua halijakaza, bila malipo. Halmashauri ikituruhusu mwarobaini mmoja tu wa Ngamiani, tutaanza na huo.

Mzaliwa wa Ngamiani, Tanga
Columbus, Ohio, Marekani