Nyekundu iliyokolea si joto kali zaidi

Ndugu Mhariri,

Ramani ya mwelekeo wa hali ya hewa mwishoni mwa kiangazi mliyoichapa ukurasa wa mbele haina kosa. Kosa liko kwenye kichwa cha habari mlichokibandika juu yake: "Joto kali lanyemelea nchi nzima". Nimeikagua ramani ile kwa miwani na bila miwani, haisemi hivyo.

Rangi za ramani hizi hazifuati nyuzijoto, zinafuata uwezekano. Watabiri huchukua rekodi za miaka 30, siku hizi 1991 hadi 2020, wakazigawa mafungu matatu yaliyo sawa: chini ya wastani, wastani na juu ya wastani. Kabla hawajaona dalili yoyote, kila fungu lina asilimia 33 hivi. Eneo likipakwa nyekundu, fungu la juu limeongezewa uzito, tuseme limefika asilimia 45. Bado zinabaki 55 za mambo kwenda vinginevyo! Rangi ikikolea, kinachoongezeka ni imani ya watabiri. Joto lenyewe huenda likapita wastani kwa nusu digrii tu.

Sehemu nyeupe, mliyoiita "salama", ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu. Nyeupe si hali ya kawaida. Hapo watabiri wanakiri kuwa hawakupata dalili ya kulipa fungu lolote uzito zaidi, kwa hiyo joto kali linaweza kutokea huko vilevile.

Sisemi utabiri wa msimu ni ramli. Tangu 1963 mtaalamu wa hali ya hewa Mmarekani Edward Lorenz alipoonyesha jinsi tofauti ndogo ya mwanzoni inavyokua hadi kuvuruga hesabu nzima, hakuna mtabiri makini anayeahidi mvua ya Jumamosi fulani miezi miwili mbele. Ila bahari hubadilika polepole, na El Niño au La Niña, yaani maji ya Pasifiki kuwa na joto au baridi kuliko kawaida, ikishajijenga huathiri hali ya hewa kwa miezi. Kwa mwishoni mwa kiangazi kuna jambo jingine ambalo makala yenu haikuligusa: udongo. Ardhi yenye unyevu hutumia sehemu ya nguvu ya jua kugeuza maji kuwa mvuke. Ikishakauka, nguvu hiyo huishia kupasha hewa moto. Mkulima angefaidika na maelezo hayo kuliko neno "lanyemelea".

Yaliwahi kuwakuta Waingereza. Aprili 2009 Met Office, idara yao ya hali ya hewa, ilitangaza kiangazi cha kuchomea nyama nje, kwa uwezekano wa asilimia 65. Julai ikaja na mvua tele. Watu walikumbuka nyama, ile 65 hakuna aliyeikumbuka, na mwaka 2010 idara hiyo ikaacha kutangaza utabiri wa msimu kwa umma. Wao waliponzwa na maneno matamu. Ninyi mmependa ya kutisha.

Ombi langu ni dogo. Asilimia ziwekwe aya ya kwanza, na chini ya ramani pawe na mstari mmoja wa kueleza rangi. Kisha msimu ukiisha, ichapeni tena ramani hiyohiyo kando ya ile ya hali iliyotokea kweli, hata kama itakuwa ukurasa wa ndani, karibu na matangazo ya vifo.

Msomaji wenu wa siku nyingi